Linux Mint 22 kwenye Mac mini ya 2012: anza na waya, Wi-Fi baadaye

Apple iliifikisha Mac mini ya mwisho wa 2012 kwenye macOS Catalina, toleo la 2019, ikaishia hapo. Tangu 2022 Catalina nayo haipati masahihisho ya usalama. Lakini chuma chenyewe bado kina nguvu: matundu manne ya USB 3, prosesa ya Core i5 au i7 ya kizazi cha tatu, nafasi ya diski ya SATA ya inchi 2.5, na RAM inayobadilishika kwa vidole. Toleo la 2014 lililoifuata lina RAM iliyolehemiwa kwenye bodi, kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya hizi mbili, chukua ya zamani.

Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure, ilitoka Julai 2024 juu ya msingi wa Ubuntu 24.04, na masahihisho yake yataendelea hadi 2029. Kwenye mashine hii inakaa vizuri: picha, sauti, USB na mtandao wa waya vyote vinafanya kazi bila kuguswa. Kinachosumbua ni Wi-Fi, na hilo ni la kujua kabla ya kushika flashi.

Usifute macOS haraka. Fimweya ya mashine (programu ya ndani inayoiamsha kabla ya mfumo endeshi) husahihishwa kupitia macOS peke yake. Ukishaifuta umefunga mlango huo. Maliza kwanza masahihisho yote ya Catalina, uwashe upya, ndipo uendelee.

Diski ya kiwandani, ile inayozunguka mara 5400 kwa dakika, itoe uweke SSD (diski isiyozunguka) mahali pake. Hakuna mfumo endeshi utakaoifanya diski hiyo iwe nyepesi, na wengi wanaosema "Linux nayo ni nzito" wanalaumu mfumo kwa kosa la diski. Kifuniko cha chini huzungushwa kinyume cha saa mpaka vidoto vipangane, kikafunguka. RAM iko hapo hapo: vipande viwili vya DDR3 SO-DIMM vya MHz 1600, mwisho GB 16 kwa jumla. Weka viwili vinavyolingana, maana picha nazo hutumia RAM hiyo hiyo na hufaidika inaposomwa kwa njia mbili. Kuifikia diski kunahitaji bisibisi za Torx T6 na T8: feni inatoka kwanza, kisha wavu wa antena. Hapo polepole. Waya wa antena una kichwa cha mviringo kidogo kama ushanga; kinyanyue wima kwa kipande cha plastiki. Ukikivuta kwa ubavu kitang'oka na tundu lake.

Kwa RAM ya GB 4 pakua toleo la Mint lenye Xfce, eneo-kazi jepesi. Kuanzia GB 8 chukua la Cinnamon, eneo-kazi zito zaidi. Faili la ISO, yaani la kusakinishia, linakaribia GB 3. Likishuka, endesha `sha256sum` na ulinganishe na namba iliyo kwenye ukurasa wa Mint, kwa sababu faili lililoharibika njiani huleta makosa katikati ya usakinishaji yanayofanana kabisa na diski mbovu. Liandike kwenye flashi kwa programu ya Etcher. Kuliburuta na kulidondosha kwenye flashi hakutoshi.

Chomeka kibodi ya waya. Ya Bluetooth huweza kuchelewa kuamka. Washa, na ukisikia mlio shikilia Option, au Alt kama kibodi si ya Apple, mpaka picha za diski zijitokeze. Chagua EFI Boot. Ukiona pia picha yenye jina Windows, iache: hiyo huwasha flashi kwa mtindo wa zamani wa BIOS. Skrini ikibaki nyeusi baada ya menyu ya Mint, rudi uchague Compatibility mode. Usakinishaji wenyewe hauna la kusimulia. Weka alama kwenye kisanduku cha kodeki (programu za kufungua video na muziki), chagua kufuta diski nzima, na kwenye SSD ni robo saa hivi.

Ukiwasha mara ya kwanza unaweza kukutana na skrini tupu, au folda yenye alama ya kuuliza, kabla Mint haijaanza. Fimweya bado inatafuta diski ya macOS ambayo haipo tena. Fungua terminali, andika `sudo efibootmgr`, soma namba iliyo mbele ya ingizo la Ubuntu (Mint hujisajili kwa jina hilo), kisha, tuseme ni 0000, andika `sudo efibootmgr -o 0000`.

Sasa Wi-Fi. Chipu ni Broadcom BCM4331. Amri `lspci -nn` itakuonyesha 14e4:4331. Ina draiva mbili (programu za kuiendesha chipu), na zote zina kasoro. b43 ni ya chanzo huria na imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux), lakini haina uhai bila fimweya ya chipu, inayoletwa na kifurushi cha `firmware-b43-installer`, ambacho nacho huipakua kutoka intaneti. Yaani unahitaji mtandao ili upate mtandao. Ndiyo sababu ya waya. Hata ikiwaka, b43 haizidi kasi ya zamani ya megabiti 54. Draiva ya pili, `bcmwl-kernel-source`, inapatikana kwenye Driver Manager na ina kasi zaidi, ila ni ya chanzo kilichofungwa na hujengwa upya kila kerneli mpya inapoingia. Ujenzi ukigoma, unawasha kompyuta asubuhi na Wi-Fi imetoweka. Dawa ni kuchagua kerneli ya awali kwenye menyu ya kuwashia na kubaki na mfululizo wa 6.8 unaokuja na Mint 22. Usiziweke zote mbili pamoja: bcmwl huizuia b43 isipakiwe, na ukiiondoa nusunusu unabaki huna hata moja. Tumia `sudo apt purge` na jina la kifurushi.

Kama kompyuta itakaa karibu na ruta, acha waya moja kwa moja na usahau habari hizi. Kama lazima Wi-Fi, tumia bcmwl kwenye bendi ya GHz 5, ambayo b43 haiifikii kwa chipu hii. Diski za USB 3 zilizochomekwa nyuma huvuruga ile ya 2.4.

Feni hutawaliwa na chipu ya Apple, ambayo chini ya Linux hungoja joto lipande mno. Sakinisha `mbpfan`, programu ya kutawala feni, kisha katika `/etc/mbpfan.conf` shusha `low_temp` hadi 55 na uweke `max_fan1_speed` 5500, kikomo cha feni hii.

Video ni udhaifu mwingine. Intel HD 4000, chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa, hufungua video zilizobanwa kwa H.264 yenyewe lakini si za VP9 wala AV1 ambazo YouTube hupendelea, kwa hiyo YouTube humtwika prosesa mzigo wote na feni inaanza kulia. Kiendelezi cha h264ify kwenye Firefox huiomba YouTube itume H.264, na mzigo unashuka papo hapo. Mtu wa filamu za 4K atafute mashine nyingine.

Kwa matumizi ya seva ndogo, umeme ukikatika na kurudi mashine hubaki imezimwa. Amri `setpci -s 0:1f.0 0xa4.b=0` huirekebisha, ila husahaulika kila inapozimwa, hivyo iweke kwenye crontab (orodha ya kazi za kujiendesha) ya root, msimamizi wa mfumo, kwa `@reboot`.

Na ukiona mwanga mwekundu ndani ya tundu la spika, hakuna kilichoungua. Ni sauti ya kidijitali ya nyuzi za mwanga iliyoachwa wazi. Fungua `alsamixer`, nenda kwenye S/PDIF, bonyeza M.