Godoro la hewa la mgonjwa wa kitandani, nimekaa nalo miezi minne

Naona watu wengi wanaulizia haya magodoro ya hewa yenye pampu, yale ya kuzuia vidonda vya kulalia, basi acha na mimi niseme ya kwangu maana ninavyoandika hivi pampu inanguruma hapo chumbani kwa mzee. Mzee wangu ana miaka 81, alianguka akavunjika nyonga, akafanyiwa operesheni, akarudi nyumbani hawezi hata kujigeuza.

Godoro lenyewe ni mirija ya hewa imepangwa kukatisha kitanda, unalitandika juu ya godoro la kawaida, pampu unaitundika upande wa miguuni. Mirija inajaa kwa zamu, hii ikijaa ile inalegea, baada ya kama dakika 10 zinabadilishana, kwa hiyo hakuna sehemu ya mwili inayokandamizwa muda wote. Usiku wa kwanza mzee aligoma kabisa, anasema anajiona kama yuko kwenye mtumbwi, asubuhi yake ananiambia "mwanangu, hiki kitanda kinapumua kuliko mimi". Siku ya tatu akazoea.

Sasa shida yangu ni aliyeniuzia. Aliniambia ukishamlaza hapo umemaliza, hakuna habari ya kugeuza tena. Na mimi kwa kuchoka nikaamini, jamani nani asingeamini! Siku ya tano namvua soksi nakuta kisigino cha kushoto kina baka jeusi la zambarau ukubwa wa kifungo cha koti, pa moto, na ukipagusa pako tepetepe.

Nesi anayekuja kumwangalia hata hakunigombeza, alikaa kitandani akaniambia nishike ngozi ya mkono wa mzee niivute taratibu halafu nivute ya kwangu. Ya kwake ikabaki imesimama, ya kwangu ikarudi palepale. Ngozi ya uzeeni inakonda, mafuta ya chini yake yanapungua na misuli pia inapungua, kwa hiyo mfupa unakuwa hauna mto. Akilala hivyo muda mrefu mishipa midogo ya damu inabanwa katikati ya mfupa na godoro, damu haipiti, nyama inaanza kufa kuanzia ndani wakati wewe juu huoni kitu. Wewe na mimi tukibanwa tunajigeuza hata usingizini bila kujua. Na wazee wengi maumivu yenyewe hawayasikii kama zamani, hata kiu ni hivyohivyo, anaweza kukauka midomo na ukimuuliza anasema hana kiu. Mi nilikuwa nasubiri mzee aseme panauma, kumbe hasemi kwa sababu hasikii kitu.

Halafu hii ya wekundu kama dalili ya kidonda kuanza. Kila mahali utasoma "angalia wekundu", haya kwa ngozi nyeusi wekundu utauona wapi? Nesi alinifundisha kupitisha mgongo wa mkono kwenye visigino, nyonga, kifandugu (mfupa wa mwisho wa mgongo), viwiko mpaka masikio, natafuta palipo na joto au ubaridi kuliko pembeni yake, pagumu, panapobonyea, au rangi iliyokoza kuliko jirani yake. Nafanya kila nikimbadilisha nepi, dakika mbili tu. Na ukikuta pameanza usipachue! Mi nilishaanza kukichua kile kisigino na mafuta nikidhani naita damu, akanizuia, kuchua kunazidi kuipasua nyama iliyokwisha kuchoka.

Kwa hiyo sasa mchana namgeuza kila masaa mawili, usiku tunaachia muda zaidi kidogo kwa vile nesi ameshaona ngozi inavyovumilia. Simlazi ubavu moja kwa moja maana uzito wote unashukia mfupa wa nyonga, naweka mto mgongoni ainame kidogo tu, nyuzi 30 hivi. Mto mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee, karatasi ipite chini bila kugusa. Godoro linafanya kazi yake lakini kisigino ni kijimfupa kidogo chenye ncha, hewa peke yake haikitoshi.

Makosa mengine ni yangu mwenyewe. Pampu ina kitufe cha kuzungusha kulingana na uzito wa mgonjwa, mi nikakipeleka mwisho kabisa nikidhani godoro gumu ndo imara, kumbe nilimrudisha kwenye ubao. Ukilegeza nako ukipitiliza anazama. Kipimo chake ingiza kiganja chini ya mirija pale makalio yalipo, kama unausikia mfupa wake umekaa juu ya mkono wako basi hewa ni kidogo, inatakiwa ibaki hewa ya kama sentimita 2.5 kati ya mkono na mwili wake. Na nilikuwa nimetandika mashuka mawili, nailoni na blanketi juu yake, nesi akatoa yote akaacha shuka moja lililolegea, maana ukirundika vitu hivyo unaifunika hiyo hewa uliyonunua na jasho na mkojo vinabaki vinailoweka ngozi.

Umeme ukikatika hewa inatoka. Langu mrija wake una kizibo, unachomoa kwenye pampu unaziba haraka, linakuwa halibadilishi zamu ila mzee hashuki chini, hapo sasa kumgeuza ndo usisahau kabisa. Kelele za pampu ni za kawaida, mi nimeshazizoea, anayelalamika ni mdogo wangu anayelala chumba cha pili.

Godoro nalipatia nyota nne. Kisigino kilichukua wiki sita kikarudi vizuri, kifandugu hakijaguswa mpaka leo. Nyota moja nimeikata kwa sababu pampu hii haina alamu ya hewa ikipungua, kuna usiku mrija ulichomoka nikagundua alfajiri mzee yuko flati, kwa hiyo ukienda kununua waambie wachomoe mrija mbele yako usikilize kama inalia.