Uzoefu wangu: grisi ya Super Lube kwenye racheti, kwa hewa ya Mtwara

Ninaitumia Super Lube, tyubu ya gramu 85, kwenye racheti tatu, yaani mipini ya kuzungushia soketi yenye gia ya meno ndani ya kichwa: ya robo inchi na ya 3/8 (upana wa pini inayoshika soketi) zenye meno 72, na ya nusu inchi yenye meno 36. Ni grisi ya sintetiki yenye PTFE (ile plastiki ya utelezi, Teflon), nyeupe, ugumu namba 2 kwa NLGI, kipimo cha ugumu wa grisi. Kwa meno 36 inafaa kama inavyotoka kwenye tyubu. Kwa meno 72 ni nzito kidogo, na hapa ndipo racheti nyingi nzuri zinapoharibiwa na grisi nzuri.

Meno 36 maana yake kila mlio ni nyuzi 10. Meno 72 ni nyuzi 5: jino ni dogo, ulimi unaolishika ni mwembamba, na springi inayousukuma ni laini. Grisi nzito ikijaa kati ya meno, springi inashindwa kuisukuma, ulimi unashika ncha tu. Ukikaza kwa nguvu unachupa, vidole vinagonga chuma na ncha za meno zinalika. Kuna hasara nyingine inayochelewa kuonekana: racheti ikiwa nzito kurudi, nati iliyokwisha kulegea inarudi nayo, unazungusha weee na haitoki.

Kwa hiyo kwenye meno 72 naweka grisi kiasi cha punje ya mchele, kisha matone mawili ya oili ya cherehani juu ya ulimi. Ya nusu inchi inapata punje moja ya mahindi. Inatosha kabisa. Nia ni utando mwembamba kwenye meno, kwenye ekseli ya ulimi na ndani ya tundu la springi, si kujaza kichwa.

Kabla ya kupaka, fungua juu ya kitambaa cheupe, mkono wako ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni, maana springi na gololi huruka. Piga picha ulimi ulivyokaa; ukiugeuza, racheti itafunga pale unapotaka ifungue. Osha kwa mafuta ya taa na mswaki, futa, acha ikauke. Grisi ya zamani itoke yote, kwa sababu baadhi ya grisi zikikutana huyeyuka na kuvuja. Ukishafunga, zungusha kwa vidole bila soketi: kila jino lilie kavu. Mlio ukiwa mzito au ukiruka, grisi imezidi, fungua upunguze.

Kwa asiyepata Super Lube, grisi ya lithiamu ya beringi inafaa ikilainishwa: vijiko viwili vya chai kwa kimoja cha oili ya cherehani, ikoroge mpaka iwe kama mtindi mzito. Nimeipima upande kwa upande na tofauti ya mkononi ni ndogo. Super Lube inashinda kwenye kukaa. Hii ya kuchanganya hutaka kurudiwa mapema.

WD-40 naiheshimu kwa kazi yake, kufukuza maji na kulegeza uchafu, lakini utando inaouacha ni mwepesi mno kubaki kwenye meno. Oili chafu ya injini ina masizi na chembe za chuma, usiitie. Mafuta ya alizeti hukauka yakawa gundi. Mafuta ya nazi, tuliyonayo kila nyumba, huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, na asubuhi za kusi hufika huko.

Hapa kwetu adui mkubwa ni chumvi ya bahari. Kromu ikishachubuka, kutu inaingia chini yake. Anayefanya kazi Shangani au Mikindani afute racheti kwa kitambaa chenye oili kila jioni na aifungue kila miezi mitatu. Anayetengeneza pampu za kupulizia mikorosho asisubiri hiyo miezi mitatu: vumbi la salfa linaganda kwenye grisi, na likipata unyevu linakula chuma. Msimu wa kupulizia, mimi nafungua kila mwezi.

Spana ya kupimia nguvu ya kukaza ni habari nyingine. Paka kichwa chake tu. Oili isiingie kwenye mpini, kwani huko ndiko kipimo kilipo na ulainishi mpya hubadilisha usomaji wake.