Mpira wa kuongezea damu: uzoefu wangu wodini, Malindi

Ninaouzungumzia ni mpira wa kawaida wa vyumba viwili. Cha juu kina chujio lenye matundu ya mikroni 170 hadi 200 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), cha chini ni cha kuhesabia matone, 20 kwa mililita. Naupa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na kigurudumu cha kubania, kile kinachopanga kasi ya matone.

Kuujaza ni rahisi ukifuata mpangilio. Funga kigurudumu, laza mfuko mezani ndipo uutoboe, maana ukiutoboa unaning'inia ncha hupasua ubavu kirahisi. Tundika, minya chumba cha juu mpaka damu ilifunike chujio lote, cha chini kiishie nusu. Ukiacha chujio nusu kavu, damu hupita pembeni tu na panaziba mapema. Kanyula, yaani kile kijimrija cha plastiki kinachokaa mshipani, ya kijani au ya waridi yatosha kwa mtu mzima. Katika mpira huo isiingie dripu nyingine ila ya chumvi 0.9%: glukosi ya 5% hupasua chembe nyekundu, na dripu ya Ringer ina kalisi inayogandisha damu.

Kuna wanaodhani chujio hilo linazuia homa. Halizuii! Linakamata mabonge tu. Chembe nyeupe zina mikroni kama 10 hadi 15, kwa hiyo zinapita bila kuguswa, nazo ndizo chanzo kikubwa cha homa na kutetemeka pale damu isipoondolewa chembe hizo tangu maabara.

Sasa kigurudumu. Plastiki ikibanwa mahali pamoja hulegea taratibu, na joto letu la kaskazi haliisaidii. Umeweka matone 33 kwa dakika, yaani mililita 300 kwa saa 3, ukirudi unakuta hesabu nyingine kabisa. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, matone ya ziada ndiyo yanayojaza maji mapafuni. Dawa yake ni kusogeza kigurudumu sehemu mpya ya mpira na kuhesabu upya kila unapopima presha. Usifidie ucheleweshaji kwa kukimbiza damu. Mfuko uanze ndani ya dakika 30 tangu utoke friji na uishe ndani ya saa 4, ukibaki, utolewe. Wala usiutie kwenye maji moto ili "upate joto".

Dakika 15 za mwanzo mimi huweka matone 20 na kukaa hapo hapo kitandani. Damu ya kundi lisilolingana inaweza kuanza balaa kwa mililita 5 hadi 10 tu: maumivu ya kiuno, mkono kuchoma palipo na kanyula, presha kushuka, baadaye mkojo mweusi.

Vipele vya kuwasha pekee, bila homa wala kubanwa pumzi, simamisha, daktari aagize klorofeniramini, dawa ya mzio, vikitulia endelea polepole. Lakini joto likipanda nyuzi 1 au zaidi na kufika 38, au ukaona dalili yoyote ya hapo juu zaidi ya vipele, funga na ubadilishe mpira wote. Kosa ninaloliona sana ni kusukuma chumvi kupitia mpira ule ule, kumbe damu iliyobaki ndani yake ndiyo inayoingia kwanza. Ung'oe kwenye kanyula, kanyula ibaki, unganisha mpira mpya na chumvi. Mwite daktari, linganisha jina la mgonjwa na lebo ya mfuko. Mfuko na mpira wake viende maabara pamoja na damu iliyotolewa mkono wa pili na mkojo.

Koo likivimba au kifua kikilia pamoja na presha kushuka, ni adrenalini ya 1:1000, mililita 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima, bila kusubiri. Pumzi ikibana kwa maji kuzidi, mkalishe, mpe oksijeni, na frusemaidi, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, kwa agizo la daktari. Mapafu yaliyoumizwa na damu yenyewe, ambayo huonekana ndani ya saa 6, hayasaidiwi na frusemaidi; hao wanahitaji oksijeni na uangalizi wa karibu.

Kwa hiyo stoo ikikauka na jamaa akatumwa dukani, mwandikie mipira miwili na chupa ya chumvi. Mwonyeshe chujio lilivyo, kwa kuwa mpira wa dripu ya maji unafanana sana na huu, na muuzaji akiwa na haraka atampa huo.