Ofisi za Jiji la Mbeya: taa za LED kwanza au sola kwanza?

Fedha za umma zikitengwa kupunguza bili ya umeme kwenye ofisi na zahanati za jiji letu, mimi naanza na taa, si paneli za sola juu ya paa.

Tazama hesabu. Tyubu ya zamani ya futi 4 inakula wati 36, bado choki yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) inayopata moto bure. Ya LED inamulika vilevile kwa wati 18. Jengo lenye tyubu 200 linashuka kutoka wati 7,200 hadi 3,600, na kazi yenyewe fundi anaimaliza kwa ngazi na bisibisi. Papo hapo azibe na nyufa za madirisha, maana baridi ya Juni na Julai ndiyo inayowafanya watu wawashe hita chini ya meza.

Sola ni nzuri, tena paneli hufanya kazi vizuri zaidi penye hewa ya baridi kama yetu. Lakini msimu wa mvua mawingu hupunguza umeme wake, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika kwenye jengo, huchoka mapema kuliko paneli. Fedha ya kuibadilisha nani ameitenga? Na ukishapunguza matumizi, mtambo utakaonunua baadaye utakuwa mdogo na wa bei nafuu.