Inkbird ITC-308: kama unapika bia Dar, anza na hiki kidude

Wakuu, hii ni ya wale wanaopika bia nyumbani na wanaishi Dar, Tanga, Mombasa, au popote pale ambapo mwezi wa pili unalala feni ikiwa namba ya mwisho na bado unatoka jasho. Nataka kuongelea Inkbird ITC-308, kidude kinachowasha na kuzima friza kwa kufuata joto la bia. Mimi nakitumia na friza ya mtumba, ile ya mlango wa juu, na msimamo wangu nautoa mapema kabisa: kabla hujanunua sufuria kubwa la stenlesi, kabla hujaagiza hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) za bei kali kutoka nje, pesa yako iende hapa kwanza.

Kwa nini nasema hivyo, ni kwa sababu ya hamira. Chukua SafAle US-05, ile pakiti ambayo wengi tunaanza nayo, inataka nyuzi 18 hadi 26 na ukitaka bia safi isiyo na makelele unabaki huku chini, 18 au 19. Sasa Dar mwezi wa pili mchana unagonga 32, usiku chumba kinagoma kushuka chini ya 25, halafu kuna kitu watu wanakisahau, hamira ikiwa kazini yenyewe inatoa joto, ndoo ya lita 20 ikishaamka vizuri inaweza kuwa juu ya joto la chumba kwa nyuzi 3 mpaka 5, yaani wewe unasoma 28 ukutani kumbe mle ndani hamira inapikwa kwenye 32. Itachacha haraka, tena sana, povu litapanda mpaka kwenye mfuniko na utaona mambo mazuri, ila ladha ndo imeondoka hivyo, unapata alkoholi nzito zinazochoma koo, harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, saa nyingine harufu kama ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Na ikishaingia haitoki kirahisi hata uiache chupani miezi. Siku 3 za mwanzo ndo zinaamua karibu kila kitu, baada ya hapo hamira imetulia na joto likipanda kidogo si shida, tena mwishoni linasaidia.

Najua kuna njia za bei rahisi. Ndoo kwenye beseni la maji na chupa za barafu unabadilisha asubuhi na jioni, inafanya kazi, ila joto linapanda na kushuka na wewe umefungwa nyumbani, husafiri. Ile ya kuivisha ndoo fulana iliyolowa na kuipigia feni ni nzuri kwa mtu wa Dodoma maana hewa kule ni kavu, huku pwani hewa imeshiba unyevu, maji hayakauki kwenye kitambaa, na maji yasipokauka hakuna kupoa kwa maana.

Haya, kidude chenyewe. Ni kiboksi kidogo chenye waya wa kuchomeka ukutani, soketi mbili, moja ya kupoza na moja ya kupasha, na waya mwembamba wa sensa, yaani kipima joto. Kioo kinaonyesha namba mbili kwa pamoja, juu joto lililopo na chini joto unalotaka. Friza inachomekwa kwenye soketi ya kupoza, unaweka 18, basi, bia ikipanda kinawasha friza, ikishuka kinazima. Huhitaji fundi wala kugusa waya hata mmoja wa friza, na hili kwangu ni kubwa sana, maana mshindani wake STC-1000 ni wa bei ndogo zaidi lakini kinakuja kama kipande tu cha kufunga kwenye boksi, unaunga mwenyewe nyaya za umeme wa 220, na sisi kazi yetu hii mikono inalowa muda wote. Kama una fundi umeme unayemwamini STC-1000 inafanya kazi ileile, ina rilei (swichi za ndani) mbili vilevile za ampea 10. Kama huna, usijaribu.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kuchelewesha kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya friza. Umeme wetu mnaujua, unakatika na kurudi, saa nyingine unarudi sekunde kadhaa tu halafu unaondoka tena, na kompresa ikilazimishwa kuwaka wakati gesi bado ina presha upande mmoja inahangaika na mwisho inakufa. Hiki kidude umeme ukirudi hakiwashi friza papo hapo, taa ya kupoza inapepesa kwanza, kinasubiri dakika 3 kama kilivyotoka kiwandani na unaweza kuongeza mpaka 10. Mimi nashauri uweke 5 au zaidi kama friza ni ya zamani. Na mipangilio yako haipotei umeme ukikatika, kinarudi na 18 yako ileile. Umeme ukikaa muda mrefu bila kurudi usifungue mlango kuchungulia, lita 20 za maji baridi ndani ya friza iliyofungwa hazipati joto haraka, na ukiwa na chupa za barafu kule jikoni zitupie mbili tatu pembeni ya ndoo kisha ufunge.

Sasa sikilizeni kwenye sensa, hapa ndo bia inapona au inaharibika. Ukiiacha inaning'inia hewani mle ndani ya friza inapima hewa, na hewa inapoa kwa dakika chache wakati bia bado ina moto wake, friza inawaka na kuzima kila mara, bia haishuki na kompresa inachoka. Sensa inatakiwa igandamane na ndoo yenyewe, chini ya usawa wa bia, ifunike na kipande cha sponji ya godoro, kisha piga tepu kuzunguka ndoo. Hapo inasoma bia. Waya wake ni mwembamba, unapita kwenye mpira wa mlango bila kutoboa chochote.

Mipangilio si migumu, unabonyeza SET sekunde kama 3 unaingia. Kile kipimo cha tofauti, yaani bia ipande kiasi gani ndo friza iwake, kinakuja kwenye nyuzi 2 na kwa bia ni nyingi mno, weka 0.5 hadi 1. Usiende chini zaidi ya hapo maana kuta za friza zinaendelea kupoza hata kompresa ikishazima, utashuka kupita pale unapotaka. Kabla ya yote pima sensa kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, inatakiwa isome 0, ikipishana unarekebisha humohumo kwenye mipangilio.

Soketi ya kupasha kwa mtu wa Dar itakaa tu. Lakini mtu wa Njombe, Iringa au Mbeya mwezi wa saba ataiona thamani yake, achomeke mkanda wa kupasha ndoo. Balbu siipendekezi, mwanga unaharibu hopsi na bia inatoa harufu mbaya.

Jambo lingine ambalo watu hawalifikirii, maji ya simtanki huku yanatoka ya moto, huwezi kuyatumia kupoza maji ya kimea mpaka 18 hata uwe na koili ya namna gani, utaishia 30 na kitu. Ukiwa na friza hii ishu imekwisha, ifikishe hapo 30, funga ndoo vizuri, iache ndani ya friza mpaka ifike 18 ndo uweke hamira. Usiweke hamira ikiwa bado ya moto ukitegemea friza itaikimbiza.

Mapungufu? Kinashika joto moja tu, kama unataka siku ya nne joto lipande lenyewe mpaka 20 hamira imalizie usafi, utakuja kubadilisha kwa mkono. Ipo ya waifai, ila inataka mtandao wa 2.4 GHz, na umeme ukikatika ruta nayo imezima kwa hiyo wakati unaoihitaji zaidi haipo, mimi naona hela hiyo bora ununue kimea. Unyevu ndani ya friza nao ni kero ya friza yoyote inayokaa kwenye 18, ukungu unaota, futa na jiki iliyozimuliwa kila ukitoa ndoo.

Asiye na friza wala nafasi ya kuweka friza, kwa sasa asinunue, kidude peke yake hakipozi kitu. Achukue hamira ya kveik, LalBrew Voss, asili yake mashamba ya Norway magharibi, hiyo inafanya kazi 25 hadi 40 na inanoga hasa kuanzia 35, inatoa kaharufu ka chungwa. Kwa bia za hopsi nyingi ni nzuri kweli. Ila akitaka laga, kwa hamira ya W-34/70 inayotaka 12 hadi 18, hakuna njia ya mkato huku kwetu, friza inamhusu.

Bei huwa inazunguka dola 35 hivi kabla ya usafiri. Ukiagiza soma kibandiko, chukua ya 220 yenye plagi ya Uingereza, pini tatu bapa kama za kwetu, inabeba wati 2,200 na friza ya nyumbani haifiki hata karibu ya hapo. Ile ya Marekani ni ya 110, usiichomeke kwenye umeme wetu hata kwa kujaribu.