Haidromita ya betri katika mtambo wa haidrojeni wa nyumbani

Haidromita ya kioo yenye mpira wa kufyonzea, yaani kifaa cha kupimia densiti ya kimiminika, ile wanayotumia mafundi wa betri za magari, nimeitumia kupima ukolezi wa potasiamu haidroksaidi, alkali kali inayosaidia maji kupitisha umeme, katika mtambo wangu mdogo wa kutoa haidrojeni kwenye maji kwa umeme, nami naipendekeza kwa dhati. Rangi zake nyekundu na kijani ziliwekwa kwa ajili ya asidi na hapa hazina maana; zisomwe namba tu.

Niliyeyusha gramu 200 za vipande vya kemikali hiyo katika gramu 800 za maji yasiyo na madini, nikitarajia densiti linganifu (densiti ikilinganishwa na ya maji) ya karibu 1.19, ambayo ni ya asilimia 20, lakini boya lilitulia kwenye 1.17, kwa kuwa vipande vya viwandani mara nyingi huwa na takriban asilimia 10 ya maji, jambo ambalo mizani peke yake isingeweza kunionyesha. Awali nilipima mchanganyiko ukiwa bado wa moto nikapata namba ya chini zaidi, hivyo ni lazima kungoja upoe hadi nyuzijoto 20 hivi.

Kasoro yake kubwa ni kwamba skeli huanzia 1.100, kwa hiyo mchanganyiko hafifu haupimiki. Vilevile, mchanganyiko wa zamani uliofyonza kaboni dioksaidi hewani hugeuka kiasi kuwa kabonati, na haidromita haiwezi kutofautisha kabonati hiyo na haidroksaidi. Vaeni miwani na glavu, msitumie chombo cha alumini, na kioo kisuuzwe mara tu baada ya kupima.