Mosh ndani ya meli ya Nansio: uzoefu wangu

Natunza seva ya mahesabu ya wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na kwetu ni Ukerewe. Kwa hiyo kazi zangu nyingi nazifanyia melini, simu mkononi, Termux (app ya kuandikia amri) imefunguliwa. Siku hizi naingia kwenye seva kwa Mosh, programu inayovumilia mtandao unaokatika.

Zamani nilitumia SSH peke yake, yaani njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali na kuiandikia amri. Gatini nipo kwenye Wi-Fi. Meli ikiondoka simu inahamia kwenye laini, anwani ya IP inabadilika, kazi inakatika. SSH inapita juu ya TCP, utaratibu wa kusafirisha data kwa vipande (pakiti), na TCP imefungwa na anwani za pande zote mbili. Tena pakiti zikipotea kwa sababu ya mawimbi hafifu, TCP hudhani njia ina msongamano, inapunguza mwendo. Siku moja nilikatikiwa katikati ya kuhamisha mauzo ya msimu mzima, nikaanza upya usiku nilipofika Nansio, na watu wanangoja hesabu zao asubuhi. Iliniuma sana.

Mosh ilitoka chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2012. Inaingia kwa SSH mara moja tu, kisha inahamia UDP, utaratibu mwingine wa kutuma pakiti usioshikilia muunganisho mmoja. Seva inaangalia pakiti mpya kabisa yenye ufunguo sahihi imetokea wapi, inajibu huko huko. Badilisha laini, badilisha Wi-Fi, haijali.

Juzi, Mwanza imeshapotea nyuma yetu, juu ya skrini ukatokea mstari wa buluu unaohesabu sekunde tangu seva isikike mara ya mwisho. Nikaendelea kuandika. Herufi zinatokea papo hapo, zimepigiwa mstari chini: simu imekisia, seva haijathibitisha. Tulipokaribia Nansio mtandao ukashika, mistari ikafutika, na kazi ilikuwa vilevile. Nilifurahi jamani!

Kasoro zipo. Huwezi kurudi juu kusoma yaliyopita, na simu ikizimika hurudii kazi ileile. Kwa hayo mawili nawasha tmux ndani yake, programu inayotunza kazi kwenye seva. Mosh haibebi mafaili. Na lazima seva ifunguliwe milango (port) ya UDP, kuanzia 60000 hadi 61000. Hili lilinila siku nzima, kumbe ukuta wa ulinzi (firewall) wa seva ulikuwa unazuia.

Ni bure. Ila iweke ukiwa bado mjini kwenye mtandao wa uhakika, maana lazima iwepo kwenye simu na kwenye seva pia, na ijaribu kabla hujapanda meli.